Kuondoa herufi moja: namna ya kutatua milinganyo miwili bila kunaswa na alama

Kilo 3 za sukari na kilo 2 za mchele zimegharimu shilingi 14,400. Duka lilelile, kwa bei zilezile, kilo 2 za sukari na kilo 5 za mchele zimegharimu 20,600. Kilo moja ya sukari ni shilingi ngapi, na ya mchele je?

Risiti ya kwanza peke yake haitoshi. Ukisema sukari ni 2,800 na mchele 3,000, hesabu inakubali. Ukisema sukari 3,000 na mchele 2,700, inakubali pia. Sukari 2,600 na mchele 3,300? Nayo inakubali. Jozi za namna hiyo hazina mwisho. Risiti ya pili ndiyo inayozichuja: jozi ya pili ingeleta 19,500, ya tatu ingeleta 21,700, na ni ile ya kwanza tu inayofika 20,600. Kutatua milinganyo miwili kwa pamoja ndiko huko kuchuja: unatafuta jozi ya namba inayokubalika kote kuwili. Namba zikiwa rahisi unaweza kuipata hata kwa kubahatisha. Zikiwa ngumu, unahitaji njia.

Iandike s kuwa bei ya kilo moja ya sukari, na m kuwa bei ya kilo moja ya mchele:

3s + 2m = 14,400 … (1)
2s + 5m = 20,600 … (2)

Kabla ya kuendelea, hakikisha jambo hili limekaa sawa kichwani: s ni bei, yaani namba. Anayesoma "3s" kama "sukari tatu" ataweza kukokotoa mfano huu bila shida, kisha atakwama kwenye swali la kuku na mbuzi tutakalolifikia chini. Herufi ikisimamia kitu badala ya idadi au bei, mlinganyo unaandikwa vibaya tangu mwanzo na hakuna njia ya kuukomboa.

Sasa, tunaruhusiwa kuufanya nini mlinganyo? Mambo mawili yanatosha. La kwanza, kuuzidisha wote kwa namba yoyote isiyo sifuri: aliyenunua mzigo uleule mara mbili atalipa mara mbili. La pili, kujumlisha mlinganyo mmoja na mwingine, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia: ukiunganisha mizigo miwili, unaunganisha na malipo yake. Hatua zote za njia ya kuondoa zimejengwa juu ya ruhusa hizi mbili.

Lengo ni kuzitumia hadi herufi moja itoweke. Tuseme tunataka kuiondoa s. Namba zinazoitangulia ni 3 na 2, na kigawe chake kidogo cha shirika (KDS), yaani namba ndogo zaidi inayogawanyika kwa zote mbili, ni 6. Tunazidisha (1) kwa 2 ili tupate 6s, na (2) kwa −3 ili tupate −6s:

6s + 4m = 28,800
−6s − 15m = −61,800

Jumlisha. Herufi s inajifuta, na inabaki −11m = −33,000, yaani m = 3,000. Rudi kwenye (1): 3s + 6,000 = 14,400, kwa hiyo 3s = 8,400 na s = 2,800. Hakiki kwa (2): 5,600 + 15,000 = 20,600. Imekubali.

Vitabu vingi vingezidisha (2) kwa 3 tu, kisha vikakuambia utoe mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine. Hesabu ni ileile, lakini ushauri wetu ni kwamba usitoe kamwe. Zidisha kwa namba hasi, andika mlinganyo mpya wote, kisha jumlisha. Sababu yake inaonekana mara tu namba hasi zinapoingia.

Chukua jozi hii, iliyoandikwa ovyo kwa makusudi kama inavyokuja kwenye mitihani:

3x = 25 + 4y
6y + 5x + 9 = 0

Kazi ya kwanza ni kupanga. Herufi x chini ya x, y chini ya y, namba tupu upande wa kulia. Kinachovuka alama ya sawasawa hubadili alama yake, kwa hiyo 4y inakuwa −4y ikihamia kushoto, na 9 inakuwa −9 ikihamia kulia:

3x − 4y = 25 … (1)
5x + 6y = −9 … (2)

Wengi huruka hatua hii wakidhani inawachelewesha, kisha hujikuta wamejumlisha x na y kwa sababu zilikuwa zimeandikwa sehemu moja. Mpangilio wa safuwima ni nusu ya kazi.

Sasa angalia kabla ya kuzidisha. Tuondoe ipi? Alama za y tayari zinapingana, moja hasi na nyingine chanya, na KDS ya 4 na 6 ni 12. Hakuna haja ya namba hasi hapa. Zidisha (1) kwa 3 na (2) kwa 2:

9x − 12y = 75
10x + 12y = −18

Jumla ni 19x = 57, x = 3. Kwenye (2): 15 + 6y = −9, hivyo 6y = −24 na y = −4. Hakiki kwa (1): 9 + 16 = 25. Mistari minne na kazi imekwisha.

Mwanafunzi aliyezoea kuanza na x kila mara hataiona njia hiyo. Atazidisha (1) kwa 5 na (2) kwa 3:

15x − 20y = 125
15x + 18y = −27

Kisha atatoa. Upande wa y anatakiwa kupata −20y − 18y = −38y, na kulia 125 − (−27) = 152, ambavyo vinaleta y = −4 ileile. Tatizo ni kwamba kichwa kinatakiwa kugeuza alama mbili kimyakimya huku mkono ukiandika jibu. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: −20y na 18y vinaunganishwa kuwa −2y, na 125 na −27 vinaunganishwa kuwa 98. Yaani x imetolewa, lakini vingine vyote vimejumlishwa. Matokeo: −2y = 98, y = −49.

Fuatilia kosa hili hadi mwisho, maana linafundisha. Ukiweka y = −49 kwenye (1), unapata 3x = 25 − 196 = −171, na x = −57. Namba nzima, zote mbili, safi kabisa. Hakuna sehemu wala desimali ya kukutia shaka. Mwanafunzi anahakiki kwa (1): 3 × (−57) ni −171, kuondoa 4 × (−49) ni kuongeza 196, jumla 25. Imekubali! Anafunga daftari.

Lakini kwa (2): 5 × (−57) + 6 × (−49) = −285 − 294 = −579. Ilitakiwa −9.

Hii ndiyo sababu uhakiki hufanywa kwa mlinganyo ambao hukuutumia kutafutia herufi ya pili. Mlinganyo ulioutumia utakubali tu, hata kama y umeiokota barabarani, kwa sababu x imetengenezwa ili uukubali. Na uhakiki ufanywe kwa milinganyo ya asili, ile iliyoandikwa kwenye swali, kabla hujapanga wala kuzidisha chochote. Kosa likiwa limeingia wakati wa kupanga, ukihakiki kwa milinganyo iliyopangwa utakuwa unalihakiki kosa lenyewe.

Kosa jingine linalojirudia ni kuzidisha upande wa kushoto na kusahau wa kulia. Kwenye mfano wetu, (1) ingekuwa 9x − 12y = 25 badala ya 75, na jumla ingekuwa 19x = 7. Sehemu kama 7/19 ikitokea kwenye swali la darasani, irudie hatua ya kuzidisha kwanza kabla ya kuilaumu nyingine yoyote. Si uthibitisho wa kosa, kwa kuwa majibu ya sehemu yapo na ni halali, lakini ni pa kuanzia kutafuta.

Milinganyo ikija na sehemu, zifute mwanzoni. Mfano:

x/2 + y/3 = 4
x/4 − y/6 = 1

Mlinganyo wa kwanza uzidishe kwa KDS ya asili zake, yaani namba za chini ya sehemu, 2 na 3, ambayo ni 6: unapata 3x + 2y = 24. Wa pili, asili zake ni 4 na 6, KDS ni 12: unapata 3x − 2y = 12. Kumbuka ile 1 ya kulia nayo imekuwa 12. Kila mlinganyo una kizidishi chake. Haulazimiki kufuata wa mwenzake. Baada ya hapo y zinafutana zenyewe, 6x = 36, x = 6, y = 3. Kwa desimali ni vivyo hivyo, ila kuna mtego: 0.3x + 0.05y = 4 haigeuki kuwa 3x + 5y. Ukizidisha kwa 100, kila kipande kinazidishwa kwa 100, nayo inakuwa 30x + 5y = 400.

Turudi kwenye sukari na mchele, maana kuna jambo tulilipita haraka. Tulipoiondoa s, m ilibaki na 11. Ukijaribu upande wa pili na kuiondoa m, utazidisha (1) kwa 5 na (2) kwa −2:

15s + 10m = 72,000
−4s − 10m = −41,200

Jumla ni 11s = 30,800. Kumi na moja tena. Haikutokea kwa bahati. Namba hiyo ni 3 × 5 − 2 × 2: unazidisha kimshazari namba nne zinazotangulia herufi, kisha unatafuta tofauti. Kila ukizidisha milinganyo kwa kupishana, yaani kila mmoja kwa namba ya mwenzake, herufi itakayobaki itaandamana na namba hiyo, labda kwa alama tofauti. Ukitumia KDS iliyo ndogo kuliko zao la namba hizo mbili, utapata kigawo chake. Ndiyo maana mfano wa x na y ulileta 19 tulipoondoa y, na 38 tulipoondoa x.

Namba hiyo inakueleza hali ya milinganyo yako hata kabla hujaanza kukokotoa. Ikiwa sifuri, hakuna jibu moja. Tazama:

2x + 3y = 7
4x + 6y = 14

Kimshazari: 2 × 6 − 4 × 3 = 0. Zidisha wa kwanza kwa −2, jumlisha, na kila kitu kinatoweka: 0 = 0. Mlinganyo wa pili ni wa kwanza uliorudiwa mara mbili. Ni risiti ya mzigo uleule maradufu, nayo haikuongezei habari yoyote. Majibu ni mengi yasiyo na mwisho, na kwenye grafu utachora mstari mmoja tu. Badilisha 14 iwe 15 na utapata 0 = 1, jambo lisilowezekana. Hapo mzigo ni uleule maradufu lakini malipo si maradufu, kana kwamba bei ilibadilika katikati. Hakuna jibu, na mistari kwenye grafu inakwenda sambamba bila kukutana.

Wanafunzi wengi wakifika 0 = 0 huandika "x = 0". Siyo. Sentensi 0 = 0 haisemi lolote kuhusu x. Ni tofauti kabisa na 11y = 0, ambayo inasema wazi kwamba y ni sifuri, na sifuri ni jibu halali kama namba nyingine yoyote.

Vipi kama namba hiyo si sifuri, lakini ni ndogo ikilinganishwa na namba zilizoizaa? Darasani hili halizungumzwi sana, ingawa kwenye vipimo halisi ndilo linaloumiza. Tuseme risiti zilikuwa za kilo 10 za sukari na 9 za mchele kwa 55,000, kisha kilo 11 za sukari na 10 za mchele kwa 60,800. Kimshazari: 10 × 10 − 11 × 9 = 1. Bei ni zilezile, 2,800 na 3,000. Sasa mtu aliyenakili akaikadiria 60,800 kwa elfu iliyo karibu ikawa 61,000, tofauti ya shilingi 200 tu. Zidisha wa kwanza kwa −11 na wa pili kwa 10:

−110s − 99m = −605,000
110s + 100m = 610,000

Unapata m = 5,000 na s = 1,000. Shilingi 200 zimeipandisha bei ya mchele kwa 2,000 na kuishusha ya sukari kwa 1,800. Fanya kosa lilelile kwenye risiti zetu za mwanzo, 20,600 iwe 20,800, na mchele unasogea kwa shilingi kama 55, sukari kwa kama 36. Tofauti ni kwamba mizigo ya mwanzo ilikuwa ya sura mbili, mmoja wa sukari nyingi na mwingine wa mchele mwingi, wakati hii ya pili inakaribia kuwa mzigo uleule. Kwa hiyo kama una uhuru wa kuchagua vipimo viwili, chagua vilivyo mbali kwa sura, na usikadirie tarakimu kabla ya mwisho.

Kuhusu kuunda milinganyo kutoka kwenye maneno, swali la kuku na mbuzi linatosha. Bandani kuna vichwa 30 na miguu 84. Herufi k ni idadi ya kuku, m idadi ya mbuzi:

k + m = 30
2k + 4m = 84

Kila mlinganyo unahesabu kitu kimoja: wa kwanza vichwa, wa pili miguu. Anayeandika k + m = 84 amechanganya vipimo, na hilo ndilo la kukagua kabla ya kukokotoa: je, vipande vyote vya mstari huu viko katika kipimo kimoja, kushoto na kulia? Shilingi na senti, dakika na saa, gramu na kilo, huvuruga kwa namna hiyohiyo. Zidisha wa kwanza kwa −2 na jumlisha: 2m = 24, mbuzi 12, kuku 18. Hapa hata hatua ya kati ina maana yake. Kama wote wangekuwa kuku, miguu ingekuwa 60; ile 24 ya ziada ni miguu miwili ambayo kila mbuzi anamzidi kuku.

Swali kama hili lingeweza pia kutatuliwa kwa kupachika: andika k = 30 − m, iweke kwenye mlinganyo wa pili. Pale herufi inaposimama bila namba mbele yake, njia hizo mbili zinalingana kwa wepesi. Pasipo na herufi ya namna hiyo, kupachika kunakuletea sehemu mapema, na kuondoa kunazikwepa hadi mwisho.

Faida kubwa ya kuondoa ni kwamba inakua. Herufi zikiwa tatu na milinganyo mitatu, unaiondoa herufi moja kutoka jozi mbili tofauti za milinganyo, na unabaki na milinganyo miwili ya herufi mbili. Lazima iwe herufi ileile mara zote mbili. Ukiondoa x kwenye jozi moja na y kwenye nyingine, hujapunguza kitu.

Wachina walikuwa wakifanya hivi zamani sana. Sura ya nane ya kitabu chao cha hesabu, Jiuzhang Suanshu, ambacho mwanahisabati Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263 BK, inaanza na swali la madaraja matatu ya ubora wa nafaka. Walipanga vijiti vya kuhesabia katika safuwima, na Liu Hui anaeleza vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa hasi. Kwa maandishi yetu, x, y na z zikiwa mavuno ya mganda mmoja wa kila daraja:

3x + 2y + z = 39
2x + 3y + z = 34
x + 2y + 3z = 26

Herufi z ndiyo rahisi kuondoa. Mlinganyo wa pili uzidishwe kwa −1 na ujumlishwe na wa kwanza: x − y = 5. Wa kwanza uzidishwe kwa 3, wa tatu kwa −1, vijumlishwe: 8x + 4y = 91. Sasa tuko kwenye milinganyo miwili. Zidisha x − y = 5 kwa 4, jumlisha na mwenzake, na 12x = 111, yaani x = 9¼. Kutoka hapo y = 4¼, na kwenye mlinganyo wa kwanza z = 39 − 27¾ − 8½ = 2¾. Wa kwanza umeshatumika kutafutia z, kwa hiyo uhakiki unafanywa kwa mingine miwili: 18½ + 12¾ + 2¾ = 34, na 9¼ + 8½ + 8¼ = 26.